Alizidi Uzito

Ukuta wenyewe uko ukumbini, mkono wa kushoto ukiingia, kati ya choo cha wanaume na kibanda cha bia. Promota Plamen Dochev aliupaka rangi nyeusi, akaagiza majina yaandikwe kwa dhahabu: mabingwa wote wa Kizimba cha Balkani, mashindano yake ya ngumi na mateke, tangu usiku wa kwanza, uzito kwa uzito. Wa kilo hamsini na saba wako juu kabisa. Wanafuata wa sitini na sita, wa sabini na saba, wa themanini na nne, na karibu na sakafu yako majitu ya uzito wa juu, ambayo ukimwaga bia yanalowa.

Baada ya kila jina upo mwaka, na baada ya mwaka yapo maneno machache yanayoeleza bingwa aliachanaje na mkanda. Alipigwa. Alistaafu. Aliumia goti. Alihamia uzito mwingine. Mmoja wa kilo sitini na sita ameandikiwa "alioa", na kwa kuwa tunamfahamu mkewe, hatuna la kupinga. Wapo waliokuwa mabingwa wa muda, yaani bingwa mwenyewe anauguza mbavu na promota ana tiketi za kuuza, basi anazaliwa bingwa wa pili mpaka wa kwanza apone. Mwaka fulani uzito wa themanini na nne ulikuwa na mabingwa watatu kwa mpigo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pesa ya kupasha nyumba moto.

Velizar Kotsev, mchomeleaji wa karakana ya reli, hakuwa amekanyaga ukumbi huo kwa miaka ishirini. Aliingia siku hiyo kwa sababu choo cha baa ya jirani kilikuwa kimeharibika. Akapita mbele ya ukuta akifungua mkanda wa suruali, ndipo akaliona jina lake. Lilikuwa la kwanza katika safu ya kilo sabini na saba, limeandikwa vizuri, bila kosa. Na baada yake: "Alivuliwa ubingwa: alizidi uzito."

Haja ikamwisha.

Asiyewahi kuingia kizimbani anaweza kudhani hayo ni maneno tu. Mpiganaji akipigwa anabaki kuwa mpiganaji. Watu watamnunulia bia na kumwambia alipambana. Lakini anayefika kwenye mizani akiwa amezidi amemdharau mwenzake aliyeshinda na njaa wiki nzima. Ameuza pambano kwa sahani ya viazi. Mabingwa wamefungwa jela kwa wizi wa magari wakatoka na watu wakawakumbatia, lakini wa kuzidi uzito hakumbatiwi. Miaka ishirini vijana wa mji wetu wa Pernik walikuwa wakimwita Velizar "Kilo Zaidi" pembeni pembeni, naye akijifanya hasikii. Sasa limeandikwa kwa dhahabu.

Plamen Dochev mwenyewe alikuwa amesimama hapo, koti la suti juu ya suruali ya mazoezi, akiitazama rangi ikikauka.

"Ooo, bingwa," akasema. "Umekuja kukata tiketi ya maadhimisho ya Kizimba?"

"Nimekuja kukojoa. Hiki ni nini ulichoandika?"

"Historia."

"Mimi sijazidi uzito hata siku moja."

"Siku ile ulipanda mizani?"

"Unajua vizuri kwamba nilikataa."

"Mimi nimeuliza ulipanda au hukupanda. Saa sita ilifika ukiwa umekaa kwenye kiti kama bibi harusi. Na kanuni ya saa sita inasemaje? Asiyepanda mizani kabla ya saa sita mchana amezidi uzito. Haina samahani, haina ndugu."

"Kanuni hiyo uliiandika wiki iliyofuata, Plamen."

"Kanuni nzuri haiulizwi tarehe ya kuzaliwa, kaka."

Sisi tulikuwepo siku ile, na tunakumbuka. Mwezi mmoja kabla yake, Ognyan Stoev alikuwa amepigwa goti jichoni katika kizimba hicho hicho. Daktari hakuwepo. Alikuwepo jamaa mwenye ndoo ya barafu. Ognyan alipelekwa hospitali ndani ya gari la mikate la shemeji yake Plamen, amelala juu ya kreti, na dereva alipitia kwanza maduka mawili kushusha mikate kwa kuwa ilikuwa njiani. Jicho halikurudi. Velizar, bingwa mpya wa kilo sabini na saba, alipokuja kupima uzito kwa ajili ya kutetea mkanda, alivuta kiti karibu na mizani, akakaa, akasema hapandi mpaka aone daktari. Mizani ilikuwa hatua moja kutoka gotini kwake. Alikuwa kilo sabini na sita na nusu, alijua, kwa sababu asubuhi alijipima kwa mizani ya posta.

"Futa," Velizar akasema. "Andika nilichofanya. Andika: alidai daktari."

"Ukuta ni mdogo."

"Umepata nafasi ya kuandika 'alioa'."

"Hilo ni neno moja." Plamen akamtazama kuanzia kifuani mpaka tumboni, akakawia hapo. Wanywaji wa kibandani walikuwa wameshageuka kusikiliza, na Plamen hajawahi kupoteza hadhira ya bure. "Na hata nikiandika, nani ataamini? Hilo tumbo lina kitambulisho chake. Basi tufanye hivi. Siku ya kupima uzito ya maadhimisho, uje upande mizani mbele ya kamera. Ukitimiza kilo sabini na saba, mimi mwenyewe napanda ngazi na kufuta maneno hayo kwa kiwiko changu."

Watu wakacheka. Velizar akafunga mkanda wa suruali, tundu la mwisho.

"Nitakuja," akasema.

Kicheko kilipungua kidogo, kisha kikaongezeka.

Kufika Jumatatu Plamen alikuwa ameshachapisha mabango. Promota hatupi kitu. Hata aibu ya mtu anaikatia tiketi. Ili runinga ikubali kuonyesha, alimwandikisha Velizar rasmi kama mpiganaji wa akiba wa pambano la ubingwa wa kilo sabini na saba. Wa akiba hupimwa kama wengine, ili mmoja akiharisha asubuhi ya pambano awepo wa kuziba pengo. "Jina tu hilo, usiogope," alimwambia kwa simu. "Hakuna atakayekugusa. Nakufanyia tangazo." Na chini ya bango, kwa herufi kubwa, akaweka ile kanuni yake, kwa kuwa runinga walipenda saa inayokimbia: SAA SITA KAMILI, HAKUNA MSAMAHA.

Velizar alikuwa na miaka arobaini na sita na kilo tisini na moja.

Kwanza aliacha mkate, kisha rakia, ile pombe kali ya matunda, kisha chumvi, na mwishoni akaacha kuongea. Mkewe Detelina alikuwa akichoma pilipili za msimu pale barazani, na harufu yake ilikuwa ikiingia kila chumba, naye bwana amekaa mezani mbele ya tango moja kama mtu anayelitaka likiri kosa.

"Kula mtindi angalau," Detelina akasema.

"Mtindi una maji."

"Na wewe una nini? Umebaki masikio." Akavuta kiti. "Nieleze mimi mjinga. Unafanya haya kwa sababu wapiganaji walihitaji daktari."

"Ndiyo."

"Na wewe umemwona daktari?"

"Wa nini?"

"Sijui. Labda kwa sababu juzi ulizimia bafuni." Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua tena. "Kwa hiyo unataka kufa bila daktari ili watu wajue kwamba daktari anahitajika. Mwenye akili hapa ni Plamen peke yake."

Velizar akala tango.

Wiki ya mwisho alihamia kwa Ognyan Stoev, kwa sababu Ognyan ana beseni kubwa na hana mke wa kumkataza. Ognyan anauza mbegu za alizeti mbele ya ukumbi, jicho la kulia amelifunika kwa kitambaa cheusi, na wateja wakilalamika kipimo ni kidogo husema kwa jicho moja yeye huona nusu tu. Alimjazia rafikiye beseni maji ya moto na chumvi ya mawe, akamfunga plastiki, akamfunika mablanketi matatu, akakaa juu yake.

"Unalia?" Ognyan akauliza.

"Ni jasho."

"Jicho moja linatosha kuona machozi." Akatafuna mbegu, akatema ganda. "Velizar, sikiliza. Mimi sijawahi kukuomba. Siku ile ulipokaa kwenye kile kiti mimi nilikuwa hospitali, sikujua. Ulipoteza mkanda kwa ajili yangu, sawa, nimekunywa kwa afya yako kila Krismasi. Lakini hili jicho limeshastaafu. Halikudai."

"Sifanyi kwa ajili ya jicho lako."

"Basi kwa ajili ya nini?"

Ognyan akainua ukingo wa blanketi kuangalia kama mtu yuko hai.

"Kwa ajili ya maneno mawili," Velizar akasema. "Sitaki kufa nikiwa mlafi."

Siku ya kupima uzito ukumbi ulijaa kabla ya saa nne. Plamen alileta wale wachezaji wa jadi wa vinyago vya manyoya na kengele za kiunoni, wanaofukuza mashetani mwezi Januari, akawapanga pande mbili za jukwaa mwezi Septemba, wakatokwa jasho kuliko wapiganaji. Runinga ilikuwa hewani. Nyuma ya pazia walikaa washindani wa mikanda yote mitano, midomo imekauka, wanatema mate kwenye chupa ili kupunguza gramu za mwisho. Bingwa wa sasa wa kilo sabini na saba, Asparuh Minkov wa Sliven, kijana mwenye shingo pana kuliko kichwa, alikuwa ameegemea ukuta macho ameyafumba. Hakumjua Velizar ila kwa bango.

"Mzee," akamwambia bila kufumbua macho, "wewe ndiye Kilo Zaidi?"

"Ndiye mimi."

"Bora wewe. Wewe leo ukitoka hapa unakwenda kula. Mimi nakwenda kupigwa."

Wa akiba huitwa kwanza. Velizar alipanda jukwaani akiwa na chupi na ngozi inayoning'inia mahali tumbo lilipokuwa. Mizani ikasoma sabini na saba na gramu mia moja. Kwenye pambano la mkanda hakuna hata gramu ya kusamehewa. Ukumbi ukaguna. Plamen akafungua mikono kwa kamera, kama mtu anayesikitika sana.

"Taulo," Velizar akasema.

Ognyan akapanda na taulo, akalishika mbele ya rafikiye, Velizar akavua kilichobaki. Gramu hamsini juu. Plamen akatazama saa yake. Velizar alifikiri kidogo, akatia vidole mdomoni, akatoa meno. Yalikuwa meno matano ya juu na bamba lake, aliyowekewa baada ya pambano lile lile lililompa mkanda. Kwa hiyo unaweza kusema ni mali ya Kizimba cha Balkani. Akampa Ognyan ayashike.

Sabini na saba kamili.

Wale wa kengele walianza kurukaruka bila kuambiwa. Hata Plamen alipiga makofi, na makofi yake yalikuwa ya kweli, kwa maana alikuwa ameshaona video hiyo ikitazamwa na watu laki mbili. "Daktari," akaita, "msikilize moyo bingwa wetu wa zamani."

Akatoka mtu mfupi mwenye koti jeupe na chombo cha masikioni, anatazama chini. Ognyan, huku ameshika taulo kwa mkono mmoja na meno kwa mwingine, akageuza jicho lake zima.

"Dokta Hristov?" akasema. Kipaza sauti kilikuwa karibu. "Si wewe uliyemzalisha mbuzi wangu?"

Ukumbi ulikawia kidogo kucheka.

"Na alipona," yule mtu akasema kwa unyonge.

"Alipona sana. Anakusalimia."

"Mimi niliambiwa ni kuweka sahihi tu," daktari wa mifugo akamwambia Plamen kwa sauti ya chini, ambayo runinga ilimsaidia kuifikisha Sofia na kwingineko.

Plamen akacheka, akamwekea Velizar kipaza sauti mdomoni. "Daktari ni daktari. Haya, bingwa, useme neno kwa mashabiki."

Velizar akanyoosha mkono, akachukua meno yake, akayarudisha mahali pake taratibu, akalambalamba kuhakikisha yamekaa. Alikuwa ameandaa hotuba. Aliiandika karakanani nyuma ya karatasi za msasa, yenye majina, tarehe na matusi mawili, akaikariri mwezi mzima akiwa na njaa. Sasa koo lilikuwa kavu kama chokaa na hotuba haikupita.

"Miaka ishirini iliyopita nilikaa hapa nikimsubiri daktari," akasema. "Bado hajafika."

Akajifunga taulo, akavuta kiti karibu na mizani, akakaa.

Asparuh Minkov ndiye aliyefuata. Alisimama mbele ya mizani, akamtazama mwenye koti jeupe kwa muda.

"Huyu anatibu ng'ombe?" akamwuliza Ognyan.

"Na mbuzi. Tuwe wa haki."

"Mwaka jana alinishona nyusi." Asparuh akaigusa nyusi. "Nilidhani imekaa vibaya kwa sababu ya mimi kusogea."

"Kijana, panda," Plamen akasema. "Dakika kumi na tano."

"Lete daktari wa watu, bosi, napanda."

"Daktari wa watu nitamtoa wapi sasa hivi?"

"Hospitali iko mtaa wa pili," Asparuh akasema, akakaa sakafuni pembeni ya kiti cha Velizar.

Mpinzani wake aliyemtukania mama kwa wiki sita mitandaoni alitoka nyuma ya pazia, akauliza kuna nini, akaelezwa, akakaa upande wa pili. Wakaja wa kilo hamsini na saba, wadogo na wakali. Mmoja alibishana kwanza, akasema yeye amekaushwa siku nne na hana muda wa siasa. Akamtazama daktari wa mbuzi, akakaa. Wa uzito wa juu walipokaa jukwaa lilitoa sauti. Ikawa kama msiba ambao waliofiwa wamesahau kuvaa nguo.

Plamen aliwapitia mmoja mmoja. Aliwaita wanangu, akawaita mbwa, akarudi kwenye wanangu. Saa ya runinga ilikuwa ikihesabu ukutani kwa tarakimu nyekundu alizozitaka mwenyewe, na mtangazaji, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, alikuwa akiwasomea watazamaji maneno ya bango: saa sita kamili, hakuna msamaha. Ikafika.

Na ilipofika Asparuh Minkov alifanya jambo ambalo hakuna mpiganaji anayelifanya kabla ya kupimwa. Alichukua chupa ya maji, akaifungua, akanywa. Alikunywa mpaka yakamtiririka shingoni. Akampa mpinzani wake, naye akanywa, na chupa nyingine zikafunguliwa, na kwa dakika kadhaa ukumbini hakukusikika kitu ila makoo ya wanaume kumi yakimeza maji. Sasa ndiyo walikuwa wamezidi uzito kweli. Velizar alipewa chupa mwisho. Alimwangalia Detelina, aliyekuwa safu ya tatu, mikono amekunja. Mkewe akamwashiria kwa kidevu: kunywa, mpumbavu wewe.

Saa nane daktari alifika, mwanamke wa makamo kutoka hospitali ya mtaa wa pili, na gari la wagonjwa likasimama mlangoni. Haikuchukua zaidi ya simu moja. Mapambano yalifanyika kesho yake jioni, yote, watu wakavunjana pua kwa amani, ila hakuna mkanda uliogombewa, kwa kuwa kwa kanuni za Kizimba cha Balkani washindani wote kumi walikuwa wamezidi uzito.

Hapo ndipo Plamen Dochev alipokutana na ukuta wake. Mikanda mitano iko wazi kwa siku moja, na baada ya kila jina lazima liandikwe neno. Angeweza kuandika kilichotokea. Tunaambiwa alikaa mbele ya ngazi na fundi wa rangi mpaka bia ya pili ikaisha, akijaribu kulitamka neno "daktari", na likamshinda. Mwisho akasema: andika kama kawaida. Fundi akaandika mara tano, uzito kwa uzito, kuanzia juu mpaka sakafuni: alizidi uzito, alizidi uzito, alizidi uzito.

Lakini kanuni haina ndugu. Bingwa akizidi na mpinzani akizidi, mkanda unakwenda kwa wa akiba aliyetimiza, na wa akiba katika kilo sabini na saba alikuwa ameandikishwa rasmi, na amepima mbele ya watu laki mbili. Mwanasheria wa runinga alilisoma jambo hilo mara mbili. Kwa hiyo Plamen alipanda ngazi, akafuta kwa kiwiko kama alivyoahidi, na fundi akaandika upya: Velizar Kotsev, bingwa wa kwanza, na chini ya safu, Velizar Kotsev, bingwa wa sasa. Alitimiza uzito. Katika ukuta mzima ni yeye tu aliyeandikiwa hivyo. Vijana waliokuwa wakimwita Kilo Zaidi wanalitumia jina hilo sasa kwa Asparuh, naye hulijibu kwa kicheko, anajua amelipata wapi.

Daktari yupo kila mashindano. Plamen huwaambia waandishi kwamba usalama wa wapiganaji ulikuwa moyoni mwake tangu siku ya kwanza, na kwamba yeye binafsi amepoteza usingizi. Ognyan humsikiliza akiwa kwenye mbegu zake, jicho moja linamtosha.

Mkanda uko jikoni kwa Velizar, umetundikwa kwenye msumari wa kitunguu saumu. Amerudi kilo themanini na tisa. Kila baada ya muda simu inalia wakati wa chakula, na Detelina anajua ni nani kwa jinsi mumewe anavyoweka kijiko chini.

"Bingwa," Plamen anasema, "vijana wanataka kupigania huo mkanda. Nina mabingwa wa muda watatu, inatia aibu. Uachie."

"Naachia leo hii. Utaandika sababu gani?"

"Alistaafu. Neno zuri, la heshima."

"Sijastaafu. Andika: alidai daktari, amempata."

Kwenye simu zinasikika kelele za ukumbi, mtu anapiga begi la mazoezi.

"Ukuta ni mdogo, Velizar."

"Basi ongeza bingwa wa muda," anasema Velizar, na kuivuta sahani ya mkate karibu.